Pikapu kuukuu ya dizeli: pima dalili kabla ya kununua spea

Pikapu ninayoizungumzia ni Toyota Hilux ya dizeli, zile zilizotengenezwa kati ya 1988 na 1997 zikiwa na injini ya 2L (cc 2446) au 3L (cc 2779). Nyingine utazikuta zimeshapandishwa 5L ya cc 2986. Ninayo moja ya mwaka 1994, injini 3L, inashusha kabichi na karoti kutoka milima ya Lushoto hadi Mombo. Mengi ya humu yanafaa kwa pikapu yoyote ya dizeli ya umri huo, lakini nikitaja kifaa mahususi nina maana ya hiyo.

Mwaka wa kwanza gari lilikuwa linachemka. Nilibadilisha pampu ya maji. Nikabadilisha rejeta. Kisha nikafungua silinda hedi na kuweka gasketi mpya, na siku ya tatu likachemka tena pale pale kwenye kona za juu ya Soni, mji mdogo ulio njiani humo. Kila fundi alitaja kifaa nami nikaenda dukani. Hakuna aliyepima kitu. Ugonjwa ulikuwa klachi ya feni. Tangu siku hiyo sinunui spea mpaka niwe na kipimo mkononi kinachosema ni hiyo, na ndiyo sababu kila dalili hapa chini inaanza na kipimo cha bure.

Kabla ya kulipa: lala chini ya gari

Injini iliyokufa inapatikana nyingine. Giaboksi inapatikana. Chesisi iliyooza haina dawa ya bei nafuu, tena ndiyo inayoshikilia springi, usukani na watu walioko ndani. Kwa hiyo anza chini, na boneti uifungue mwisho.

Uliza gari lilifanya kazi gani na wapi. Yangu ilikuwa imebeba samaki Tanga. Barafu huyeyuka, maji yenye chumvi hupenya kwenye sakafu ya bodi na kudondokea chesisi, hasa pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Chesisi ni boksi lenye uwazi ndani. Tope huziba matundu ya kutolea maji, chumvi hukaa humo humo, na chuma huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima. Macho hayatoshi. Chukua nyundo ndogo, gonga kila sentimita kumi. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na nyundo inaruka. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Gonga sana sehemu nne: juu ya ekseli ya nyuma, mahali masikio ya springi yalipofungwa, karibu na tangi la dizeli, na pale boksi la usukani lilipokaa. Kisha chukua bisibisi uisukume kwenye maungio. Ikizama, mshukuru muuzaji na uondoke.

Ukikuta bamba limechomelewa juu ya chesisi, usikimbie bado. Angalia lilivyochomelewa. Fundi anayejua kazi hukata bamba lenye ncha kama almasi, ili mshono usipite wima kuvuka chesisi yote, na hukata kutu yote kwanza. Bamba la mraba lililobandikwa juu ya kutu linaficha tundu, na chesisi itakatika pembeni mwa mshono ule siku ya mzigo mzito.

Kuna dalili nyingine ya chesisi ambayo huonekana ukiwa nyuma ya gari likitembea: linakwenda upande kama kaa. Watu husema moja kwa moja kwamba limepata ajali. Inawezekana, lakini pima kwanza. Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, mara nyingi ekseli ya nyuma imesogea kwa sababu bolti ya katikati inayoshika vyuma vya springi imekatika, au yubolti zimelegea. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Vipimo vikilingana na gari bado linakwenda upande, pima chesisi kwa mshazari, kutoka sikio la springi la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Hapo ndipo chesisi iliyopinda hujisema. Nafasi kati ya kabini na bodi ya nyuma nayo ni shahidi: ikiwa nyembamba juu na pana chini, chesisi imelala katikati kwa kuzidishiwa mzigo.

Karatasi nitazisema kwa kifupi. Namba ya chesisi imepigwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi, mbele upande wa kulia, ndani ya tao la tairi. Safisha kwa brashi ya waya uilinganishe na kadi ya gari. Linganisha na namba ya injini pia, maana injini nyingi zimeshabadilishwa na wenye magari hawakupeleka taarifa TRA. Jina kwenye kadi liwe la huyo unayempa fedha, au awe na maandishi halali ya kumwakilisha mwenye jina. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, na bima ya gari.

Na ukiwasiliana na muuzaji, mwombe mapema: "Mzee, naomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, umekosa kipimo muhimu kuliko vyote, na ni heri urudi kesho asubuhi.

"Asubuhi inawaka kwa tabu"

Sentensi hii moja ina magonjwa matatu yasiyohusiana. Mtu mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma aangalie ekzosi.

Stata ikizunguka pole pole, au ikigonga "tak" mara moja na kunyamaza, acha kuifikiria dizeli. Huo ni umeme. Betri iliyolala usiku kucha inatakiwa isome karibu volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri ikiwa nzima, weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini wakati mwenzako anapiga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi (ule unaotoka nguzo hasi kwenda kwenye chuma) una kutu au umelegea. Nimeona watu wakinunua betri mbili kwa sababu ya bolti moja ya athi. Ile "tak" ya peke yake, betri ikiwa imejaa, kwa kawaida ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi ya stata vilivyoliwa. Vinauzwa peke yake. Mwambie fundi umeme avibadilishe hivyo kabla hajakuuzia stata nzima.

Stata ikizunguka kwa nguvu na ekzosi isitoe moshi hata kidogo, dizeli haifiki ndani. Fungua swichi bila kupiga stata, sikiliza kwenye pampu ya dizeli: solenoidi ya kukata mafuta inatakiwa igonge "tik". Kama haigongi, chukua waya kutoka nguzo chanya ya betri uiguse. Injini ikiwaka, pampu haina kosa, tafuta waya au fyuzi. Kama inagonga na bado hakuna moshi, tafuta hewa kwenye bomba. Hapa wenye magari ya milimani tuna kipimo chetu: likilala pua imeelekea juu halafu asubuhi likawaka vizuri, na likilala pua chini likasumbua, au kinyume chake, basi dizeli inarudi kwenye tangi usiku kwa sababu hewa inaingia mahali. Kata kipande cha mpira kabla ya pampu uweke mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Ukiona mapovu yakipita, rudi nyuma kiungo kwa kiungo. Mwizi wa kawaida ni mpira wa pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, umekauka. Ukiwa hapo, legeza kitufe cha chini ya filta umwage maji. Dizeli inayonunuliwa kwenye madumu huja na maji, na maji ndani ya pampu ni kutu.

Stata ikizunguka vizuri na ekzosi ikatoa moshi mweupe mwingi wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayaungui. Zianze plagi za hita. Zipo nne. Fungua ukanda wa shaba unaoziunganisha, washa taa ya majaribio kutoka nguzo chanya ya betri hadi kichwa cha kila plagi: inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekufa. Plagi moja au mbili zikifa, injini huwaka ikiwa inatetemeka na kugonga kwa dakika moja, halafu hutulia. Zikifa zote, hutegemea kusukumwa. Ikiwa zote nne ni nzima na umeme unafika, fikiria mkanda wa timing ulioruka jino, kisha mgandamizo wa silinda, na hicho cha mwisho kinahitaji geji ya kupimia.

Tafadhali usikubali mtu aweke kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa filta ya hewa ili "kuisaidia". Petroli hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi huvunjika. Injini inayowaka kwa petroli asubuhi hii itahitaji petroli kila asubuhi, mpaka siku itakapokataa kabisa.

Kuna kinyume cha haya yote: inawaka vizuri ikiwa ya baridi, ukizima ikiwa na joto haiwaki mpaka ipoe. Lowesha kitambaa kwa maji, kifunge kwenye pampu ya dizeli, subiri dakika kumi, jaribu. Ikiwaka, pampu imekwisha ndani. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kuvuja kati ya vyuma vilivyolika. Hii ni kazi ya karakana ya pampu yenye mashine ya kupimia, si ya chini ya mti. Ukiwa unanunua, omba injini izimwe na kuwashwa tena baada ya mzunguko mrefu. Wauzaji wengi hawazimi injini wakati wa majaribio, na wewe sasa unajua kwa nini uwaombe wazime.

"Inachemka"

Swali la kwanza: inachemka wapi? Jibu lake linakupunguzia nusu ya spea.

Ikichemka kwenye foleni na kupoa ukishika lami, upepo hautoshi: feni, mkanda wa feni, au klachi ya feni. Klachi ya feni ina mafuta mazito ya silikoni ndani. Zima injini ikiwa ya moto, sukuma feni kwa kidole: inatakiwa ikaze, ifike nusu mzunguko na kusimama. Yangu ilizunguka mara nne kama pangaboi. Kipimo hicho ni cha sekunde tano, na mimi nilikifanya baada ya kufungua silinda hedi. Klachi hiyo hiyo husababisha kuchemka mlimani pia, kwa sababu gari lililobeba mzigo kwa gia ya pili halina kasi ya kuleta upepo wake lenyewe.

Ikichemka mlimani au kwenye mwendo mkali na feni ni nzima, maji hayapiti vizuri. Pitisha kiganja juu ya rejeta injini ikiwa imezimwa na ya uvuguvugu. Sehemu zilizo baridi zimeziba ndani. Kabla ya hapo osha nje: matope na mbegu za nyasi hujaa kati ya mapezi, na maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa shinikizo la kawaida, ili mapezi yasilale.

Mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini ukiwa baridi wakati geji imeshapanda, huenda themostati imekwama, ama rejeta imeziba. Themostati iliyokwama, weka nyingine. Kuitoa na kuliacha gari bila themostati ni tiba niliyoipewa mara mbili, na ni mbaya. Injini nyingi za dizeli zina njia fupi ya maji ambayo themostati huiziba inapofunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi kwenye mlima. Chini, kwenye tambarare, injini inabaki ya baridi muda wote na kulika haraka.

Mfuniko wa rejeta nao ni kifaa, watu huuchukulia kama kizibo cha chupa. Lushoto ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Mfuniko mzima unaoshika shinikizo la bar 0.9 hupandisha kiwango hicho kupita nyuzi 115. Mpira wa mfuniko ukichakaa, umepoteza nyuzi ishirini zote, na utalaumu injini isiyo na kosa.

Sasa lile la kuogopwa, gasketi au silinda hedi yenyewe. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, minya mpira wa juu wa rejeta. Washa. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Thibitisha kwa kufungua mfuniko kabla ya kuwasha na kuangalia: mapovu yanayopanda mfululizo bila kuisha ndiyo hayo. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni hatua ya mbele zaidi. Silinda hedi za injini hizi zikichemshwa mara kwa mara hupata nyufa kati ya vali, kwa hiyo ukishafungua usiweke gasketi mpya bila kupeleka hedi ipimwe kwa shinikizo la maji na kwa rula iliyonyooka. Ikipinda zaidi ya milimita 0.2 haifai kurudishwa hivyo, na ikisawazishwa mashineni sana vali husogelea pistoni. Mwulize fundi atatumia gasketi ya unene gani, na kama hana jibu tafuta mwingine.

Rangi ya moshi

Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Toa filta ya hewa uitazame kwenye jua. Ikiwa safi, peleka nozeli zikapimwe, na muulize muuzaji kama kuna aliyekaza skrubu ya pampu ili gari "lipate nguvu". Nguvu hiyo hulipwa kwa joto la silinda hedi.

Bluu ni oili. Njia ya kutoka Lushoto kwenda Mombo ni kipimo kizuri: shuka muda mrefu ukiwa umeachia mafuta, kisha kanyaga. Wingu la bluu linalotoka mara moja na kukatika ni mipira ya vali, kazi ndogo. Bluu ya wakati wote, hasa ikibeba mzigo, ni ringi. Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikisinzia, uulaze kinyumenyume juu ya tundu. Ukitikisika kidogo na kubaki, sawa. Ukirushwa huku moshi ukipuliza kwa mapigo, mgandamizo unapita kwenye ringi na injini inakaribia ovahoo. Hilo halimaanishi usinunue. Linamaanisha bei ishuke kwa gharama ya ovahoo nzima, na fedha hiyo uwe nayo mkononi siku hiyo.

Breki: hapa sitaki haraka

Gari linaloshindwa kuwaka linakuacha nyumbani. Linaloshindwa kusimama kwenye mteremko wa Soni linaua, tena haliui dereva peke yake.

Kanyaga pedali, shikilia kwa nguvu ile ile kwa dakika moja. Ikizama taratibu na hakuna mvujo unaoonekana kwenye matairi, masta silinda inavuja ndani. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa. Ikishika baada ya kupampu mara mbili, breki za nyuma hazijakazwa na shuu ziko mbali na dramu. Likivuta upande mmoja, inua mbele kwa jeki uzungushe matairi kwa mkono: tairi linalokataa kuzunguka lina kalipa iliyoganda, au mpira wa breki umevimba ndani na hauachii oili irudi.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, busta ya breki haipati msaada. Injini ya dizeli haitengenezi mvuto wa hewa kama ya petroli, kwa hiyo Toyota waliweka pampu ndogo ya kuvuta hewa mgongoni mwa alteneta. Fundi akikufungia alteneta ya gari la petroli, betri inachaji vizuri na breki inakuwa ngumu siku hiyo hiyo. Kipimo: zima injini, kanyaga mara tano, shikilia, kisha washa. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, angalia alteneta ina pampu hiyo, halafu mipira yake. Kagua pia mpira wa oili unaoilisha. Ukipasuka unamwaga oili ya injini yote barabarani.

Kuna kosa moja karibu kila pikapu ya mzigo inalo, na sijasikia likizungumzwa sana. Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo iliyounganishwa na vali kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka, vali hufunguka na kuzipa breki za nyuma nguvu zaidi, bodi ikiwa juu, huzipunguzia ili matairi ya nyuma yasikwame na gari kuzunguka. Sisi tunaongeza vyuma vya springi ili gari libebe. Baada ya hapo bodi haishuki tena hata ukipakia magunia kumi, na vali inaamini gari ni tupu. Breki za mbele zinafanya kazi yote peke yake, zinaungua, na dereva analalamika kwamba padi ni feki. Kama umeongeza vyuma, fimbo hiyo irekebishwe ilingane na urefu mpya. Ukikuta imekatwa au imefungwa kwa waya, irudishe kabla gari halijabeba mzigo.

Oili ya breki inyonye yote utoe, hata kama ni nyeupe. Hunyonya unyevu kutoka hewani. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Ikichemka ndani ya kalipa inakuwa mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni katikati ya mteremko, kisha inarudi kama kawaida ukifika chini na kupoa. Dalili hiyo humchanganya kila mtu kwa sababu ukifika gereji haionekani.

Usukani, klachi na propela

Usukani ukicheza, inua tairi la mbele. Lishike juu na chini ulitikise: mchezo hapo ni beringi au bolijointi. Lishike kushoto na kulia: ni tairodi, au ule mkono wa upande wa pili wa boksi la usukani ambao bushi zake huisha kimya kimya kwenye pikapu za aina hii. Mwenzako atikise usukani nawe ulale chini uangalie ni kiungo gani kinachotangulia kusogea kabla ya kingine.

Klachi: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Mlio unaokuja ukikanyaga pedali ni beringi ya klachi. Mlio unaoondoka ukikanyaga ni beringi ya giaboksi, na huo ni ghali zaidi. "Tok" moja kila unapoanza kuondoka ni krosi joint ya propela. Ipige grisi kwanza, na ikiwa ina kutu nyekundu kwenye vikombe vyake, ibadilishe.

Matairi yana tarakimu nne za tarehe pembeni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) nene haimfai mtu ikiwa mpira umepasuka kwa jua.

Likishakuwa lako

Kama muuzaji hana ushahidi wa lini mkanda wa timing ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kiwango chake ni kilomita 100,000, na mita ya kilomita ya gari la miaka thelathini haina la kukuambia. Mkanda huo unaendesha kemshafti na pampu ya dizeli kwa pamoja. Ukikatika, vali hugonga pistoni. Badilisha na beringi yake ya kukazia. Halafu oili zote: injini, giaboksi, difu, na filta zote mbili. Nipo za grisi (vichuchu vya kupigia grisi) ziko nyingi chini, hesabu zote na usikubali kuambiwa zimepigwa bila kuona grisi mpya ikitoka pembeni. Taa zikififia ukiwasha indiketa, rudi kwenye waya wa athi. Pembetatu za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto na taa zote zinazofanya kazi, trafiki ataziuliza kituo cha kwanza.

Safari ya kwanza nenda na nusu ya mzigo. Mimi nilishuka kutoka Lushoto kwa gia ile ile ambayo ningepandia, nikasimama Soni na tena Mombo, na kila mara nikasogeza mgongo wa kiganja karibu na kitovu cha kila tairi bila kukigusa. Vya mbele huwa vya moto zaidi na ni sawa, mradi kulia na kushoto vilingane. Nyuma kushoto kwangu kulikuwa na joto kuliko kulia: kamba ya hendibreki ilikuwa inakwama. Niliilegeza pale pale kwa spana namba 12, nikaendelea.